Chipukizi Tele Shambani, Taji Liko Wapi?

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alinijia chumbani mwa walimu muhula uliopita akiwa ameshika kofia nyeusi iliyodariziwa ndege wa rangi ya machungwa. Sheria za shule yetu haziruhusu kofia za aina hiyo, naye akijua hivyo aliivua kabla hajabisha hodi. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Kumbe alikuwa na swali. Kofia ilikuwa zawadi ya mjomba wake anayeishi Baltimore, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mahali ambapo Wakenya wenzetu si haba, na huyo mjomba amegeuka shabiki sugu wa timu ya besiboli ya mji huo, Baltimore Orioles.

"Mwalimu," akasema, "mjomba hunieleza kila mwaka kwamba timu yake ina vijana wenye vipawa kuliko timu zote za Marekani. Ikiwa ndivyo, mbona hawatwai taji?"

Kengele ililia, nami nikamjibu kwa mkato kwamba michezo ina mambo yake. Alipoondoka niliona haya. Swali lilikuwa la maana, na mimi ambaye nimeufuatilia mchezo huo kwa miaka mingi, kwanza katika majarida makuukuu ya maktaba na baadaye katika runinga, nilimpa jibu la kumfukuzia. Makala haya ni deni ninalomlipa.

Msomaji ambaye besiboli kwake ni kitendawili aichukulie kuwa binamu wa kriketi, na hatakuwa amekosea sana. Mtu mmoja hurusha mpira, mwingine hujaribu kuupiga kwa gongo, na aliyeupiga hukimbia kuvizunguka vituo vinne ili aipatie timu yake pointi. Ligi Kuu ya Marekani ina timu 30. Kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu, kisha zilizofaulu huingia katika mchujo na hatimaye fainali, ambayo Wamarekani, kwa majivuno yao, huiita Mashindano ya Dunia, ilhali timu zote ni za kwao isipokuwa moja ya Toronto, Kanada.

Lakini kinachotuhusu leo kimo chini ya ligi hiyo. Kila klabu ina timu zake za madaraja ya chini, ambamo vijana zaidi ya 150 hufunzwa, hupimwa na kuchujwa, kila mmoja akitumaini kupanda hadi juu. Wamarekani wenyewe huuita mpangilio huu shamba, na jina limefaa. Baadhi ya miche hupatikana katika uteuzi wa kila mwaka wa wanafunzi wa shule za upili na vyuo, na mingine hutwaliwa ikingali michanga sana kutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Yapo majarida ambayo kazi yake ni kuwapanga chipukizi hawa kwa nambari, wa kwanza hadi wa mia, kama tulivyokuwa tukiwapanga watahiniwa wetu magazetini kila matokeo ya mitihani yalipotangazwa.

Mwaka 2018 Baltimore ilishindwa katika michezo 115. Novemba mwaka huo ikamwajiri Mike Elias kutoka Houston kuwa msimamizi mkuu wa masuala ya wachezaji. Dawa aliyokuja nayo ilikuwa chungu: achana na ushindi wa leo, waondoe wakongwe, panda miche. Sheria za uteuzi wakati huo ziliipa nafasi ya kwanza timu iliyofanya vibaya kuliko zote, kwa hiyo kushindwa kukawa na faida yake. Timu ikashindwa mara 108 mwaka 2019, na mara 110 mwaka 2021. Mashabiki waliolipa viingilio miaka hiyo walikuwa, kwa hakika, wakilipa karo ya watoto wasiowajua.

Watoto wenyewe walikuwa hodari. Adley Rutschman, mdakaji, aliteuliwa wa kwanza nchini mwaka 2019. Gunnar Henderson aliteuliwa mwaka huo huo katika raundi ya pili. Jackson Holliday aliteuliwa wa kwanza mwaka 2022. Jarida la Baseball America liliwaweka kileleni mwa orodha yake mmoja baada ya mwingine, mwanzoni mwa miaka ya 2022, 2023 na 2024. Klabu moja kutoa nambari ya kwanza miaka mitatu mfululizo! Mwalimu mkuu wa kwetu angewachinjia walimu wake fahali.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Mwaka 2023 Baltimore ilishinda michezo 101, naye Henderson akatawazwa mchezaji bora mgeni wa ligi yake. Kisha Oktoba ikafika. Texas iliwalaza michezo mitatu kwa nunge. Mwaka 2024 walishinda michezo 91, wakakutana na Kansas City katika raundi ya kwanza ya mchujo, wakafungwa 1-0, wakafungwa tena 2-1, wakarudi nyumbani. Mwaka 2025 walishinda michezo 75 na kushindwa 87, na kocha Brandon Hyde alikuwa ameachishwa kazi tangu Mei. Msimu huo ulipokwisha, timu ilikuwa haijashinda hata mchezo mmoja wa mchujo tangu 2014, na taji lake la mwisho lilikuwa la 1983.

Wapo wanaoshikilia kwamba lililobaki ni subira. Nyota njema huonekana asubuhi, husema, na nyota za Baltimore zilionekana alfajiri na mapema. Sipingi kwamba ni nyota. Ninalopinga ni ile imani kwamba, maadamu miche ni mizuri, mavuno yatakuja yenyewe, na kazi ya mwenye shamba ni kukaa barazani kuingoja siku. Katika besiboli imani hiyo ina ushahidi wake unaotajwa mara kwa mara, na ushahidi huo ni ile ile Kansas City iliyowatoa Baltimore mwaka 2024, na ambayo mwaka 2014 ilikuwa imewatoa vilevile, michezo minne kwa sufuri.

Mwanzoni mwa 2011, Baseball America iliwataja chipukizi tisa wa Kansas City katika orodha yake ya vijana mia walio bora. Tisa kati ya mia, na klabu ni 30. Wajuzi wengi walisema hawajapata kuona shamba lililositawi namna ile. Na kweli, mwaka 2014 timu hiyo, ambayo haikuwa imekanyaga mchujo tangu 1985, ilifika fainali na kushindwa na San Francisco katika mchezo wa saba, pointi 3 kwa 2. Mwaka uliofuata ikarudi, ikaibwaga New York Mets, ikatwaa taji. Basi anayetaka kuthibitisha kwamba chipukizi huzaa ubingwa, huanza na Kansas City na aghalabu huishia hapo.

Nami nitaanza hapo, lakini naomba tuwahesabu wale tisa mmoja mmoja, kwa sababu ni hesabu hiyo inayonifanya nisikubaliane naye.

Waliokuwa bado na Kansas City katika timu iliyotwaa taji mwaka 2015 ni wanne: Eric Hosmer, Mike Moustakas, Danny Duffy na Christian Colon. Hosmer na Moustakas walikuwa nguzo, hilo halina mjadala. Duffy alikuwa mrushaji wa kufaa. Colon, aliyekuwa ameteuliwa wa nne katika nchi nzima mwaka 2010, alikaa benchi mchujo wote pasipo kuitwa kushika gongo hata mara moja, hadi zamu ya 12 ya mchezo wa mwisho. Hapo akaitwa, akaupiga mpira, mwenzake akakimbia nyumbani, na sare ikavunjika. Sidhani kuna lolote alilofanya katika Ligi Kuu, kabla au baada, lililofikia pigo lile moja.

Watatu wengine, Wil Myers, Jake Odorizzi na Mike Montgomery, walikuwa wamekwishaondoka. Desemba 2012 Kansas City iliwapeleka Tampa Bay, pamoja na kijana mwingine wa nne, ili iwapate warushaji wawili waliokomaa, James Shields na Wade Davis. Lawama zilimiminika. Myers alikuwa johari ya shamba, wanauzaje johari? Na mwaka uliofuata Myers akawa mchezaji bora mgeni wa ligi yake akiwa na jezi ya ugenini, waliolaumu wakazidi kulaumu. Lakini Shields ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa warushaji waliofika fainali ya 2014, na Davis ndiye aliyerusha mpira wa mwisho wa ubingwa wa 2015. Montgomery naye, baada ya kuhamahama, alikuja kurusha mpira wa mwisho wa fainali ya 2016 akiichezea Chicago Cubs, taji la kwanza la klabu hiyo tangu 1908. Mche uliong'olewa Kansas City ukazaa Chicago, na bado aliyeung'oa hakupata hasara.

Wa nane, John Lamb, alipelekwa Cincinnati Julai 2015 pamoja na warushaji wengine wawili vijana, ili Johnny Cueto aje. Miezi mitatu baadaye Cueto aliurusha mchezo wa pili wa fainali peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, akawaachia Mets mapigo mawili tu. Wa tisa, Chris Dwyer, aliingizwa uwanjani mara mbili mwaka 2013, na Ligi Kuu haikumwona tena.

Wanne walibaki, wanne walitolewa kwa wengine, mmoja akapotea. Na mchezaji bora wa fainali ya 2015 alikuwa nani? Alikuwa Salvador Pérez, mdakaji kutoka Venezuela, ambaye hakuwamo miongoni mwa wale tisa. Lorenzo Cain na Alcides Escobar, ambao bila wao timu ile isingetambulika, walikuwa wametoka Milwaukee Desemba 2010, wakati Kansas City ilipomtoa Zack Greinke, mrushaji wake bora wa wakati huo.

Nionavyo mimi, vijana wa Kansas City hawakuleta taji kwa kukua tu. Walilileta kwa kukua na kwa kutumiwa. Wafugaji wetu wanalijua jambo hili kuliko maprofesa wa biashara: yuko ng'ombe wa kukamuliwa, yuko wa kuzaa, na yuko wa kutolewa mahari siku inapofika. Mfugaji anayelia kila ndama anapovuka lango la boma atakufa maskini katikati ya mifugo yake. Aliyewatoa Myers na wenzake alikuwa amekata shauri kwamba wakati wa kuhesabu ndama umekwisha. Angeweza kukosea. Lau Davis angeumia bega mwaka 2013, tungekuwa tunalitaja badilishano lile kwa kulicheka. Hata hivyo alichagua, na kuchagua ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Mtu atanikumbusha Houston, alikotoka Elias. Houston ilishindwa mara 106 mwaka 2011, mara 107 mwaka 2012, mara 111 mwaka 2013, kisha 2017 ikatwaa taji. Si kweli basi kwamba njia hiyo hufika? Kwanza, taji hilo lina doa. Januari 2020 ligi ilitangaza kwamba uchunguzi umethibitisha kuwa timu hiyo ilitumia kamera kuiba ishara za wapinzani; klabu ikatozwa faini ya dola milioni 5, na msimamizi mkuu na kocha wakasimamishwa mwaka mmoja, wakafutwa kazi siku hiyo hiyo. Taji lenyewe halikunyang'anywa, ila halitajwi bila watu kuguna. Pili, hata Houston haikuvuna kama ilivyopanda. Mark Appel, aliyeteuliwa wa kwanza nchini mwaka 2013, hakufika Ligi Kuu hadi 2022, akiwa na umri wa miaka 30, tena kwa jezi ya Philadelphia. José Altuve, ambaye hapo awali alikataliwa kwa ufupi wake na hatimaye akapewa dola 15,000 tu, ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2017. Na usiku wa mwisho wa Agosti mwaka huo, dakika chache kabla ya muda kukatika, Houston iliwatoa vijana watatu kwa Detroit ikamchukua Justin Verlander, mrushaji wa miaka 34, ambaye akaibeba timu hadi fainali.

Elias alikuwa Houston wakati huo. Aliyaona hayo kwa macho yake. Ndiyo maana sijaacha kuishangaa Baltimore.

Baltimore ilikuwa na wapigaji vijana wengi kuliko nafasi za kuwachezesha, ilhali warushaji walikuwa haba, na mrushaji, msomaji wangu, ni kiumbe wa kuhofiwa kama yai. Kiwiko cha binadamu hakikuumbwa kurusha mpira kilomita 150 kwa saa mara mia kwa siku. Félix Bautista alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2023. Mwaka 2024 John Means, Kyle Bradish na Tyler Wells wakamfuata. Grayson Rodriguez, mche bora kabisa wa urushaji uliopandwa na klabu hiyo, hakurusha mpira hata mmoja katika msimu wa 2025.

Sitaki kuwaonea. Februari 2024 waliwatoa Joey Ortiz na DL Hall wakamleta Corbin Burnes, mrushaji hodari hasa. Katika ule mchezo wa 1-0 dhidi ya Kansas City, Burnes aliachia pointi moja tu, na wapigaji waliosifiwa nchi nzima wakashindwa kumpa hata moja ya kumfutia. Mwisho wa mwaka akaenda Arizona kwa mkataba wa dola milioni 210. Pengo lake halikuzibwa. Waliletwa akina Charlie Morton, aliyekuwa na umri wa miaka 41, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na msimu wa 2025 ukaporomoka kabla hata masika haijaisha. Huku nyuma shamba lilikuwa bado limejaa, na wenye shamba wakilitazama kwa fahari. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika kisa hiki vijana hawakulitia tembo maji. Wamiliki ndio waliolewa sifa.

Kuna jambo ambalo orodha za chipukizi haziwezi kulipima, na hili walimu wenzangu watalielewa haraka. Jackson Holliday aliingia Ligi Kuu Aprili 2024 akiwa na miaka 20, nambari ya kwanza nchini, mtoto wa baba aliyekuwa mchezaji mashuhuri. Katika michezo yake kumi ya kwanza alisimama na gongo mara 34 na kufaulu mara mbili. Akarudishwa chini. Kilichotokea si kwamba kipawa kilitoroka usiku. Mpira unaorushwa kutoka mita 18 humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde, na kule juu anayeurusha ni mtu mzima ambaye amekaa usiku kucha akitafuta udhaifu wako. Kule chini Holliday hakuwahi kuwa na udhaifu uliotafutwa. Sote tumewapokea katika kidato cha kwanza watoto waliokuwa wa kwanza darasani tangu chekechea, ambao hawajawahi kukutana na swali lisilojibika, na tumewaona wanavyotetemeka katika mtihani wa kwanza. Mwenye alama za juu zaidi si lazima awe ndiye aliyejifunza kuanguka. Na besiboli ni mchezo wa kuanguka: mpigaji anayefaulu mara tatu kati ya kumi huhesabiwa kuwa bingwa. Holliday alirudi, na mwaka 2025 alicheza msimu mzima kwa ustadi wa kuridhisha. Ila klabu iliyojenga mipango yake juu ya wazo kwamba angekuwa tayari 2024 ilijenga juu ya nambari iliyochapishwa jaridani.

Nimesema habari za wenye klabu kana kwamba wao pekee ndio wenye cha kupoteza. Tuwaangalie vijana pia. Rutschman alilipwa dola milioni 8.1 siku aliyotia sahihi. Wenzake wengi katika shamba hilo hilo walikuwa wakiishi kwa posho. Hadi 2022 mchezaji wa daraja la chini kabisa alikuwa akipata dola 4,800 kwa mwaka, na wa daraja la juu, hatua moja tu kabla ya Ligi Kuu, dola 17,500. Baada ya wachezaji kujiunga na chama mwaka 2022, mkataba wa 2023 ulipandisha viwango hivyo hadi dola 19,800 na 35,800. Ni afadhali, ingawa kwa maisha ya Marekani si utajiri. Shamba linaposifiwa kuwa limejaa, maana yake ni kwamba vijana wengi wanagombea nafasi 26 za timu moja. Wengi hawatazipata, na klabu inajua hivyo siku inapowasajili.

Katika Jamhuri ya Dominika wavulana huweza kusajiliwa wakifika miaka 16, na wengi huwa wamekwishaacha shule miaka kadhaa kabla ya hapo ili wafunzwe na mawakala kutwa nzima. Mmoja hutajirika na jina lake likabandikwa ukutani. Kumi hurudi nyumbani wakiwa na miaka 22, wasijue kingine cha kufanya. Hili lisionekane ni la mbali. Mwaka 2012 watoto kutoka Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya watoto ya kimataifa huko Williamsport, Pennsylvania, baada ya timu nyingine ya Uganda kunyimwa viza mwaka uliotangulia. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani humu kufika Ligi Kuu, alisajiliwa na Pittsburgh mwaka 2008, akaingia uwanjani Aprili 2017, akapiga pigo safi mara yake ya kwanza kushika gongo. Miaka tisa ya kupanda ngazi, na huko juu hakudumu. Nawapongeza wote hao kwa moyo mkunjufu. Ila msaka vipaji akibisha hodi katika shule yangu, atamkuta kijana darasani, na atamngoja hadi amalize kidato cha nne.

Na Baltimore? Dalili zipo kwamba wenye shamba wameanza kuamka. Novemba 2025 walimtoa Grayson Rodriguez kwa Los Angeles Angels wakamchukua Taylor Ward, mpigaji aliyekomaa. Desemba wakamsajili Pete Alonso, mpigaji wa nguvu kutoka New York, kwa miaka 5 na dola milioni 155. Nisiwe mchoyo wa sifa: hayo ndiyo matendo niliyokuwa nikiyangoja, hata kama yamekuja miaka miwili baada ya ule msimu wa ushindi 101, wakati Rutschman na Henderson walikuwa bado wabichi na mikataba yao ikiwa na miaka mingi mbele. Lakini Ward na Alonso ni wapigaji, na maradhi ya timu hii yalikuwa viwiko. Ningekuwa mimi, vijana wawili au watatu wa shambani wangevuka lango la boma kwa ajili ya mrushaji mmoja wa kuogopwa Oktoba, na ningeyavumilia matusi ya mashabiki kama yule wa Kansas City alivyoyavumilia.

Jibu langu kwa kijana ni hili, basi. Vijana wa mjomba wako watashinda michezo mingi. Baadhi yao watakuwa mashuhuri, na mmoja au wawili watang'ara kwa jezi za miji mingine, nawe utaudhika. Taji sioni likija kwa hawa peke yao. Likija, litakuja pamoja na watu ambao leo wako katika timu nyingine, na ambao gharama yao italipwa kwa jina fulani unalolipenda.

Nilimweleza hayo wiki iliyopita chini ya mwembe ulio karibu na maktaba. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitazama kofia yake, akaniuliza kama ni Henderson atakayeuzwa. Nikamwambia la, huyo asiguswe. Akasema atampigia mjomba simu Jumapili, amweleze awe tayari kumpoteza mwingine yeyote.